Rada Inayohesabu Pumzi

Maelezo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kaunti Ndogo ya Nambale



Kijana wa stendi akimwambia mwenzake "Rada?" anauliza habari tu, au mpango wa leo ni upi. Rada ya mazungumzo haya ni ile yenyewe, chombo kinachotuma mawimbi ya redio na kuyasikiliza yanaporudi. Wengi wanaijua kwa ndege na meli. Dereva wa matatu anaijua kwa uchungu zaidi, kwa sababu kifaa anachoelekezewa na polisi wa trafiki kupimwa mwendo mara nyingi ni rada, nacho hakihitaji kuligusa gari. Jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba chombo cha ukoo huo huo kinaweza kuelekezwa kwa mtoto aliyelala kitandani, umbali wa mita moja au mbili, kikahesabu pumzi zake bila waya, bila kumvua nguo na bila kumwamsha.

Ielezwe mapema ili pasiwe na mkanganyiko: hapa hakuna mashine inayozinduliwa leo, na hakuna iliyoahidiwa. Vifaa hivi vinakuja duniani kwa kasi, vinauzwa kwa maneno matamu, na siku moja vitafika mbele ya wananchi kama ombi la bajeti au kama tangazo kwenye simu. Tangu Katiba ya 2010, hospitali na vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, na mwananchi ana haki ya kuuliza pesa zinakwenda wapi. Hawezi kuuliza vizuri kuhusu kitu asichokijua.

Tuanze na pumzi yenyewe, maana ndiyo yenye uzito.

Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, hujaza maji na usaha kwenye vifuko vidogo vya mapafu. Hewa haipati nafasi, kwa hiyo mwili hulipa deni hilo kwa kupumua haraka haraka. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka mitano, yaani asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo duniani. Kenya ilianza kutoa chanjo ya kukinga nimonia kwa watoto wachanga mwaka 2011, ile inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hiyo imeokoa wengi, lakini haizuii kila kijidudu kinacholeta ugonjwa huo.

Mahali pasipo na eksirei wala maabara, dalili inayotegemewa zaidi ni kuhesabu. Mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya mwaka mmoja, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza miaka mitano, ni 40. Hesabu hufanywa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, na nguo ikiwa imepandishwa ili tumbo na kifua vionekane. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili anayefika 60, hesabu hurudiwa mara ya pili.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kazi nyepesi. Wahudumu wa afya ya jamii waliopo hapa wanajua si nyepesi. Chukulia nyumba moja upande wa Walatsi, mtoto wa miezi minane yuko mapajani kwa bibi yake.

"Kukhu, nisaidie kumshika asigeuke. Nihesabu dakika moja tu."

"Dakika moja hiyo umeshaihesabu mara mbili, mwanangu. Umepata ngapi?"

"Ya kwanza 47. Ya pili 52."

"Sasa ni mgonjwa au si mgonjwa?"

Swali la kukhu ni zuri kuliko mengi yanayoulizwa kwenye semina. Kikomo ni 50. Kati ya 47 na 52 kuna tofauti ya dawa na hakuna dawa, ya kupanda bodaboda usiku na kulala nyumbani. Pengine mara ya pili mtoto alikuwa ametoka kulia. Pengine mhudumu alipoteza hesabu kidogo nzi alipotua usoni mwa mtoto. Na wapo wanaohesabu sekunde 30 kisha wakazidisha mara mbili, ambapo pumzi moja ikipotea, mbili zimepotea: 25 inakuwa 50, 24 inakuwa 48. Watoto wachanga kabisa wanaongeza ugumu, kwa sababu kupumua kwao kwa kawaida hakuna mwendo mmoja. Huenda mbio, husimama sekunde chache, kisha huanza tena. Anayehesabu nusu dakika anaweza kuangukia kipande cha mbio au kipande cha kimya.

Hapa Busia kuna tatizo jingine, nalo ni malaria. Mtoto mwenye homa kali hupumua haraka hata kama mapafu yake ni mazima. Kipimo cha malaria kikitoa mistari miwili, kila mtu hupumua kwa nafuu, jibu limepatikana. Lakini malaria na nimonia hazipeani zamu. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, na yule aliyepewa dawa ya malaria pekee huku kifua chake hakijahesabiwa ndiye anayerudishwa siku ya tatu akiwa hoi. Kwa hiyo haja ya kuhesabu pumzi vizuri ni haja ya hapa hapa, haikuletwa na wauza mashine.

Sasa rada inaingiaje?

Lori la kwenda Malaba likipita huku limeshikilia honi, sauti yake husikika nyembamba linapokuja na nzito linapokwenda. Honi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba chanzo cha sauti kinasogea, kwa hiyo mawimbi yanabanwa upande mmoja na kuvutwa upande mwingine. Mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1842. Rada hutumia kanuni hiyo hiyo kwa mawimbi ya redio, na kwa kipimo kidogo sana. Mtu anapovuta pumzi, kifua chake husogea mbele. Kwa mtu mzima ni milimita 4 hadi 12 hivi, kwa mtoto ni pungufu. Mawimbi yanayogonga kifua hicho na kurudi hubeba habari ya msogeo huo.

Vifaa vingi vya sasa hutumia mawimbi yanayotikisika mara bilioni 60 kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja ni milimita 5, kama upana wa punje ndogo ya maharagwe. Kifua kikisogea milimita moja kuelekea kwenye chombo, wimbi linafupishiwa safari kwa milimita moja kwenda na moja kurudi, jumla mbili. Mbili kwa tano za wimbi zima! Kwa chombo, hilo ni badiliko kubwa lisiloweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana rada huweza kuona hata ule mtikisiko mdogo wa ngozi unaoletwa na mapigo ya moyo, ambao haufiki milimita moja, ingawa hapo kazi huwa ngumu zaidi.

Ukuta hausogei, bati halisogei, kitanda hakisogei. Programu ya chombo huondoa kila kisichosogea na kubaki na kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa pumzi. Blanketi na shuka haziyazuii mawimbi haya.

Wazo hili lina umri kuliko wengi waliopo hapa. Rada ya kwanza ya kugundua meli ilionyeshwa Ujerumani na Christian Hülsmeyer mwaka 1904, na ile ya ndege ilijaribiwa Uingereza na Robert Watson-Watt mwaka 1935, vita vikinukia. Mwaka 1975 mtafiti James C. Lin alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba pumzi zinaweza kupimwa kwa mawimbi mafupi ya redio bila kumgusa anayepumua. Kilichochelewesha mambo ni bei. Vifaa vilikuwa vikubwa na ghali mpaka watengenezaji wa magari walipoanza kuweka rada ndogo mbele ya gari ili lisigonge la mbele. Chipu zikatengenezwa kwa mamilioni, bei ikashuka, na chipu isiyozidi ukucha wa kidole ikaanza kutafuta kazi nyingine. Kufikia 2015 maabara ya Dina Katabi katika chuo cha MIT, Marekani, ilikuwa inapima pumzi na moyo wa mtu aliyeketi chumbani kwa mawimbi ya redio. Mwaka 2021 kampuni ya Google iliuza kifaa cha kuweka kando ya kitanda chenye rada ya kufuatilia usingizi.

Kazi iliyoipatia rada hii jina, hata hivyo, haikuwa ya usingizi. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Nepal Aprili 2015, kifaa kiitwacho FINDER, kilichobuniwa na maabara ya JPL ya shirika la anga la NASA, kilipelekwa mji wa Chautara. Watu wanne walikuwa wamefukiwa chini ya matofali na udongo. Rada iliona mwili unaoishi mahali ambapo macho hayakuona kitu, na wote wanne wakatolewa hai.

Wakenya wana sababu ya kulikumbuka hilo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua karibu watu 50. Siku ya nne mtoto mchanga alitolewa akiwa hai, na siku ya sita wakatolewa watu wengine wanne. Siku sita! Kila mwokoaji anayesimama juu ya kifusi cha namna ile ana swali moja tu kichwani, kama kuna mtu anapumua chini ya miguu yake, na ni upande upi. Hiyo ndiyo kazi ambayo rada inaifanya vizuri kuliko kazi yoyote nyingine ya kitabibu inayopigiwa debe leo, kwa sababu jibu linalotakiwa ni ndiyo au hapana. Wodini jibu linalotakiwa ni 47 au 52.

Kwa habari za wodini, Nairobi ina mfano wa karibu, ingawa haukuwa wa rada. Watafiti walijaribu katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na baadaye katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, vifaa vya kufuatilia watoto wachanga muda wote. Kimojawapo, kiitwacho EarlySense, ni bapa linalowekwa chini ya godoro na kusikia mitikisiko ya mwili, kwa hiyo mtoto hagusi kitu chochote zaidi ya shuka yake. Pumwani ilichaguliwa kwa maana. Ni hospitali ya umma yenye watoto wengi na wauguzi wachache, hali ambayo muuguzi yeyote wa kaunti anaijua bila kuelezwa. Na jambo moja katika kazi ile linafaa kukumbukwa na kila anayesoma matangazo ya mashine: kabla ya kuvihukumu vifaa vipya, watafiti walilazimika kwanza kuchunguza mashine ya kawaida inakubaliana na nafsi yake kwa kiasi gani. Pumzi ya mtoto mchanga hubadilika kutoka dakika hii hadi ile, kwa hiyo mtu akisema kifaa chake ni sahihi, swali linalofuata ni sahihi kikilinganishwa na nini.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda, vijana waliosomea uhandisi Makerere walibuni koti liitwalo Mama-Ope la kusaidia kutambua nimonia. Mwaka 2017 lilikuwa miongoni mwa vilivyoteuliwa kuwania Tuzo ya Afrika ya uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Koti linamgusa mtoto, rada haimgusi. Wote wanakimbilia tatizo lile lile kutoka milango tofauti, na si vibaya kutambua kwamba mlango mmoja uko mwendo wa saa chache kutoka hapa.

Sasa yale ambayo tangazo halisemi.

Rada haijui oksijeni. Inaona kifua kinapanda na kushuka, basi. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ndicho kinachokadiria oksijeni iliyomo kwenye damu, na mtoto anaweza kupumua kwa mwendo unaoonekana wa kawaida huku oksijeni yake imeshuka. Ni kweli kwamba kifaa cha kidoleni nacho kina kasoro: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe, kwa kuwa kinategemea mwanga unaopita kwenye ngozi. Rada haijali rangi ya ngozi, na hilo ni jema. Lakini kutojali rangi hakuifanyi ipime kitu isichopima.

Rada haipendi watu wanaosogea. Mtoto anayelia na kurusha miguu humpa mhudumu shida ya kuhesabu, na huipa rada shida hiyo hiyo. Feni ikizunguka, pazia likipeperuka, muuguzi akipita, vyote ni misogeo. Wataalamu wana njia za kuvichuja, na njia hizo zinaendelea kuwa bora, ila maabara tulivu ya chuo na wodi ya akina mama saa ya kutembelea wagonjwa ni ulimwengu mbili tofauti.

Halafu lipo suala la kangaruu, ambalo ndilo linalofaa kufikiriwa zaidi na mtu yeyote wa Nambale. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hutunzwa vyema akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso. Humpa joto, humsaidia kunyonya, na ni huduma isiyohitaji umeme. Akina mama wa hapa wanaijua. Sasa elekeza rada hapo. Vifua viwili viko mahali pamoja. Cha mama ni kikubwa na kinasogea sana. Cha mtoto ni kidogo na kinapandishwa na kushushwa na cha mama. Mtengenezaji atasema hakuna shida, mama hupumua mara 15 kwa dakika na mtoto mara 45, mashine itatenganisha. Ni nusu ya ukweli. Msogeo wa kifua cha mama si laini kama wimbi la kwenye kitabu. Una vipindi vya kupanda haraka na kushuka polepole, na msogeo wa namna hiyo ukichambuliwa kwa hesabu huacha vivuli kwenye mara mbili na mara tatu ya mwendo wake. Mara tatu ya 15 ni 45. Mashine inaweza kuonyesha 45, yaani mtoto salama, na namba hiyo ikawa kivuli cha mama.

Mtoto wa namna hiyo ndiye hasa anayehitaji kufuatiliwa, kwa sababu watoto njiti husahau kupumua. Wakinyamaza sekunde 20 au zaidi, ni hatari, na mara nyingi kuguswa tu mguu kunatosha kuwaamsha. Mashine ikihesabu pumzi za mama wakati mtoto amenyamaza, haitaita mtu. Kwa hiyo hospitali yoyote ikiletewa chombo cha aina hii, swali la kwanza lisiwe bei. Liwe: kimejaribiwa kwa watoto walio kifuani kwa mama zao, au kwa walio peke yao kwenye vitanda vya vioo tu? Watafiti wanalifanyia kazi jambo hili. Mpaka wapate jibu linaloaminika, mama asitolewe mtoto kifuani ili mashine ipate nafasi ya kuona. Hiyo ingekuwa hasara kubwa kuliko faida yote ya rada. Mapacha wanaolala kitanda kimoja wana tatizo la aina hiyo hiyo, na hali ya nyumbani, ambapo mtoto hulala katikati ya ndugu zake, ni mbaya zaidi.

Hofu ya mionzi huulizwa kila mahali, na jibu lake ni fupi. Chipu ya rada ya namna hii hutuma nguvu inayopimwa kwa milliwati, yaani sehemu za elfu moja za wati. Simu ya kawaida ya kupigia ikiwa mahali penye mtandao hafifu huweza kutuma hadi wati 2. Mawimbi hayo si ya jamii ya eksirei, hayavunji chembe za mwili, na yale ya bilioni 60 kwa sekunde huishia juu juu kwenye ngozi. Mwenye wasiwasi na rada aanze na simu anayolaza mtoto nayo.

Hofu ya siri ina uzito zaidi. Kamera ukiifunika kwa kitambaa inapofuka. Rada haizibwi na kitambaa, na mawimbi ya aina fulani hupita hata kwenye kuta za matope na mbao. Chombo kinachojua mtoto anapumua kinajua pia nani yuko chumbani, analala saa ngapi, anaamka mara ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, na Kamishna wa Ulinzi wa Data yupo kwa ajili ya malalamiko. Mzazi ana haki ya kuuliza namba za mtoto wake zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma. Chombo chenyewe, kwa kuwa kinatuma mawimbi ya redio, kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kikitumika kutibu kinaingia chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Akija mtu sokoni na sanduku lenye taa akidai rada yake inaona kisukari, vidonda vya tumbo na uchawi kwa shilingi mia tano, aulizwe karatasi hizo mbili. Ataondoka.

Mpakani je? Swali hilo ni la haki kwa kaunti yenye vituo viwili vya mpaka, Busia na Malaba. Mwaka 2020 kila mtu aliona foleni za malori wakati wa korona, madereva wakisubiri majibu kutoka maabara ya KEMRI Alupe, na kila mtu alielekezewa kile kibunduki cha joto pajini. Ebola ilitangazwa Uganda Septemba 2022, ikaisha Januari 2023; ikarudi Kampala Januari 2025, ikatangazwa kuisha Aprili mwaka huo. Kwa nini basi rada isisimame pale langoni? Kwa sababu dereva aliyeruka kutoka kwenye lori na kukimbilia dirisha la uhamiaji anapumua haraka, na mgonjwa aliye katika siku ambazo dalili hazijatokea anapumua kama wewe. Mahali ambapo chombo kisichogusa kingeweza kuwa na maana ni ndani ya wodi ya kutengwa, ambako kila mara muuguzi anapoingia kuhesabu pumzi ni lazima avae mavazi yote ya kinga na kuyavua tena kwa uangalifu, na kuvua ndiko kwenye hatari. Kupunguza hata safari kadhaa kati ya hizo kwa siku ni faida inayoeleweka.

Turudi kwa mhudumu na kukhu kule Walatsi, maana wao hawatapata rada kesho. Kwa 47 na 52 jibu ni kusubiri mtoto atulie kabisa, anyonyeshwe, kisha ahesabiwe tena dakika nzima. Akibaki 50 au zaidi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini zipo dalili zisizosubiri hesabu yoyote: sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea na kutoamka vizuri. Hapo hata saa isitafutwe, itafutwe pikipiki. Na hata kipimo cha malaria kikionyesha malaria, pumzi zihesabiwe.

Kwa upande wa pesa, mashine ya kusema mtoto anapumua mara 70 haina msaada kwake kama chumba kinachofuata hakina oksijeni wala mtu wa kuiwasha. Vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti vipo, na ombi la mitungi ya oksijeni, la jenereta lenye mafuta, au la muuguzi wa zamu ya usiku ni ombi la pumzi kama lilivyo ombi la rada. Mwananchi asione haya kuliuliza kwa sababu mwenzake ameleta picha nzuri za mashine ya ng'ambo.

Lipo moja la mwisho kwa wauguzi na kwa wazazi watakaolala wodini na watoto wao, siku vifaa hivi vikifika. Mashine ya aina hii hupiga kelele ikiona pumzi zimesimama. Ikiwa kimya, mzazi hulala akijua yote ni sawa. Lakini mashine inaweza kuwa kimya pia ikiwa mtoto amehamishwa kitanda, ikiwa imegeuzwa kuangalia ukuta na mtu aliyekuwa anapiga deki, na ikiwa umeme umepotea. Kwa hiyo aulizwe anayeileta: umeme ukikatika saa nane za usiku, betri yake inadumu kwa muda gani, na ikiisha, inaita kwanza au inazima tu? Muuguzi wa zamu aonyeshwe taa ya kuangalia. Mzazi naye aonyeshwe.